Koki mikononi mwa serikali: ushikaji wa Venezuela, wa Urusi au wa Norwei?

Kaa kwenye kijiwe chochote cha kahawa, Mtwara, Lindi au hata Kariakoo, uguse habari ya gesi ya kina kirefu, utazipata kambi tatu kabla kikombe hakijapoa. Kambi ya kwanza: tutaifishe kama Chávez wa Venezuela, mabeberu wafungashe virago. Ya pili: tumpate mkali kama Putin, mtu ambaye akifunga bomba Ulaya nzima inavaa makoti ndani ya nyumba. Ya tatu huwa na mtu mmoja tu, naye akitaja Norwei wenzake wanaangua kicheko: "Sisi na Norwei wapi na wapi, bwana?"

Nimezisikia kambi hizi tangu vurugu za bomba la gesi Mtwara mwaka 2013, na kinachonishangaza ni kwamba kila mtu anasifia nchi kwa picha moja aliyoiona kwenye televisheni. Chávez na shati jekundu. Putin na meza ndefu. Norwei na theluji. Basi nimeziweka nchi hizo bega kwa bega, kwa ajili ya msomaji ambaye nchi yake ina gesi au mafuta chini ya ardhi na siku moja ataombwa kura kwa jina la rasilimali hiyo.

Niseme langu mapema ili nisionekane nimejificha. Sina ugomvi na serikali kumiliki gesi. Katika nchi zote tatu serikali ndiyo yenye sauti kubwa juu ya mafuta na gesi, kwa hiyo hilo si swali. Ninachokitafuta ni hiki: nani anaweza kumwambia aliyeshika koki "hapana", na kesho yake akaamka bado ana kazi?

Malalamiko yalikuwa ya kweli

Kosa la wengi wanaomlaani Chávez ni kudhani wananchi wa Venezuela walirogwa. Hawakurogwa. Mafuta yalitaifishwa tangu tarehe 1 Januari 1976, likaundwa shirika la PDVSA, lakini mtu wa vibanda vya milimani Caracas aliyaona mafuta kwenye hotuba tu. Februari 1989 serikali ilipandisha bei ya petroli, nauli zikapaa, watu wakaingia barabarani, na jeshi likaua mamia. Wenyewe wanakiita kipindi kile Caracazo. Miaka ya tisini PDVSA ikafungua milango kwa kampuni za nje ili zichimbe mafuta mazito ya ukanda wa Orinoco, na kwa miaka ya mwanzo mrabaha, yaani malipo kwa serikali kwa kinachochimbwa, ukawekwa asilimia 1. Soma tena: asilimia moja. Sisi tuliolalamikia asilimia 3 ya dhahabu tunaelewa hasira ya namna hiyo. Chávez aliposhinda Desemba 1998, pipa la mafuta lilikuwa karibu dola 10. Alikuta nyumba ina njaa na ghala lina mwenye ufunguo asiyejulikana.

Urusi nako hivyo hivyo. Mwaka 1995 makampuni makubwa ya mafuta yaliuzwa kwa bei ya kutupa katika minada iliyoendeshwa na mabenki ambayo yenyewe yalikuwa wanunuzi. Yukos ikaangukia mikononi mwa Mikhail Khodorkovsky. Wakati huo wastaafu walikuwa wanakaa miezi bila pensheni. Khodorkovsky alipokamatwa Oktoba 2003 katika uwanja wa ndege wa Novosibirsk, Mrusi wa kawaida hakulia. Alisema, afadhali.

Ndivyo siasa za mtetezi wa wanyonge zinavyoota. Mbegu yake ni dhuluma ya kweli. Kinachofuata ndicho chenye sumu: mtawala anajitangaza kwamba yeye ndiye wananchi, na hapo anayempinga anakuwa amewapinga wananchi wote. Mkaguzi anageuka kibaraka, mhandisi anageuka mhujumu, mwandishi anageuka wakala wa mabeberu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huyu wa mafuta anatia maji huku ameshika na filimbi, kama tutakavyoona.

Norwei walikuwa na bahati ya kugombana mapema. Ugomvi wao na wageni haukuanza na mafuta, ulianza na maporomoko ya maji. Kuanzia 1906 walitunga sheria za kuwazuia wenye mitaji wa nje wasihodhi mito, na baadaye wakaweka sharti kwamba muda wa leseni ukiisha, mtambo na maporomoko vinarudi kwa serikali bila fidia. Kampuni ya Phillips ilipogundua mafuta ya Ekofisk mwishoni mwa 1969, wanasheria wao walikuwa na uzoefu wa miaka 60 wa kubishana na matajiri. Jambo hili kambi ya tatu hailisemi, na ndiyo maana wanachekwa.

Filimbi ya refa

Hapa nitakaa muda mrefu, kwa sababu ndipo nchi zilipoachana.

Aprili 2002, katika kipindi chake cha televisheni cha Jumapili, Chávez alisoma majina ya wakuu wa PDVSA mmoja baada ya mwingine na kuwafukuza kazi hewani, akipuliza filimbi kama refa anayetoa kadi nyekundu. Watu walicheka na kushangilia. Siku chache baadaye alipinduliwa, akarudi madarakani ndani ya siku mbili. Desemba mwaka huohuo wafanyakazi na wakubwa wa shirika wakagoma, uzalishaji ukakaribia kusimama, na mgomo ulipovunjika mwanzoni mwa 2003 serikali iliwafukuza watu wapatao 18,000. Ilikuwa karibu nusu ya shirika.

Tuwe waadilifu: mgomo ule ulikuwa wa kisiasa, ulitaka kumng'oa rais aliyechaguliwa. Serikali yoyote ingejibu. Lakini fikiria maana ya kutoa kwa mkupuo watu wanaojua kisima kipi kinavuta maji, pampu ipi ina mlio usio wa kawaida, miamba ya Ziwa Maracaibo imelala vipi. Ujuzi huo hauandikwi wote kwenye faili. Ulipanda ndege ukaenda Colombia, ukaenda Kanada, ukachimba mafuta ya wengine.

Waliobaki walifundishwa somo. Mwishoni mwa 2003 wapinzani walikusanya saini za kutaka kura ya kumwondoa rais, na mwaka 2004 mbunge mmoja wa chama tawala, Luis Tascón, akaweka orodha ya waliosaini hadharani. Watu wengi walinyimwa kazi za serikali kwa sababu majina yao yalikuwamo. Mwaka 2006 video ilivuja ikimwonyesha Rafael Ramírez, aliyekuwa waziri wa mafuta na papo hapo mkuu wa PDVSA, akiwaambia wafanyakazi kwamba shirika ni jekundu, jekundu tupu, na asiyelipenda hilo ampishe mwingine. Chávez hakumkemea. Alimpongeza. Angalia vyeo: msimamizi na msimamiwa ni mtu mmoja. Waziri akitaka kulihoji shirika inabidi ajiangalie kwenye kioo.

Mwisho wa barabara hiyo ulikuwa Novemba 2017, Nicolás Maduro, mrithi wa Chávez, alipomteua jenerali wa Gadi ya Taifa, Manuel Quevedo, kuongoza wizara na shirika kwa pamoja. Hakuwa mtu wa mafuta. Nchi iliyokuwa ikitoa zaidi ya mapipa milioni 3 kwa siku wakati Chávez anachaguliwa ilikuwa imeshuka chini ya milioni 1.5 mwishoni mwa 2018, na mwaka 2020 zilikuwapo siku ambazo haikufika hata nusu milioni. Vikwazo vya Marekani dhidi ya PDVSA vya Januari 2019 viliumiza, na vile vya fedha vya Agosti 2017 vilikuwa vimeshaanza kubana. Ila mgonjwa alikuwa kitandani kabla ya hapo. Na hii ni nchi inayohesabiwa kuwa na akiba ya mapipa bilioni 300 ardhini, kubwa kuliko zote duniani!

Urusi ilicheza tofauti. Putin hakuwafukuza wahandisi, aliwabadilishia mabosi. Desemba 2004 tanzu kubwa ya Yukos, Yuganskneftegaz, ilipigwa mnada na kununuliwa kwa zaidi ya dola bilioni 9 na kampuni iitwayo Baikalfinansgrup, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, imesajiliwa siku chache tu nyuma katika mji wa Tver. Baada ya siku chache kampuni hiyo yenyewe ikamezwa na Rosneft ya serikali. Mnada ulifanyika, nyaraka zipo, mihuri ipo. Mwaka 2005 Gazprom, kampuni ya gesi ya serikali, ikainunua Sibneft ya Roman Abramovich kwa dola bilioni 13, huyu akalipwa akaenda zake kushughulika na Chelsea. Tajiri aliyenyenyekea alilipwa, aliyetaka siasa, Khodorkovsky, alikaa gerezani miaka 10.

Visima viliendelea kutoa mafuta, na hapo ndipo kambi ya pili inapopata nguvu: "Unaona? Ubabe unafanya kazi." Naam, unafanya kazi, lakini uliza unafanya kazi gani. Aprili 2001, kabla hata ya Yukos, kampuni ya gesi Gazprom ilichukua kituo cha televisheni cha NTV, ambacho kilikuwa na kipindi cha vikaragosi kilichokuwa kikimkejeli rais. Kampuni ya gesi inataka televisheni ya nini? Jibu lake ndilo linaloeleza ushikaji wa Kirusi: gesi haikuwa biashara ya kuuza joto tu, ilikuwa mfuko wa kununulia vinywa.

Stavanger, mji wa mafuta wa Norwei, ulikuwa na dikteta wake mdogo pia. Shirika la Statoil liliundwa 1972 kwa kura ya wabunge wote, na mkuu wake wa kwanza, Arve Johnsen, alikuwa mwanasiasa wa chama cha Leba aliyelikuza hadi wabunge wakaanza kuogopa. Walifanya nini? Hawakupuliza filimbi. Kuanzia 1985 walilikata shirika mbawa: sehemu kubwa ya hisa zake katika visima ikahamishiwa moja kwa moja kwa serikali, ili fedha zisipitie kwa Johnsen na vijana wake. Wenyewe huita tukio lile kwa neno hilo hilo la kukata mbawa, kama tunavyomfanyia kuku asiruke ua. Kisha upanuzi wa kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mongstad ukapitiliza bajeti kwa karibu kroner bilioni 6. Bodi ikaondoka, Johnsen akaondoka, na Wanorwei wakabuni kipimo kipya cha fedha: mong moja ni bilioni sita zilizopotea. Miaka mingi baadaye mradi wa umma ukivuka bajeti, watu huuliza umekula mong ngapi.

Pembeni ya Statoil, mwaka huohuo wa 1972, iliundwa ofisi ya pili ya kuchunguza visima na kuhakiki takwimu, na ya tatu, wizara, ikabaki na sera. Mmoja wa waliochora mpango huo ni Farouk al-Kasim, mtaalamu wa miamba kutoka Basra, Iraki, aliyehamia na familia mwaka 1968 na kuingia wizarani kuomba kazi huku akisubiri treni. Mwarabu wa Basra, ambako majahazi yetu yalikuwa yakifuata tende, ndiye aliyewasaidia Wanorwei kutoiga makosa aliyoyaona kwao.

Fedha zinapita mlango gani

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga hawakuwahi kuona mafuta ghafi, lakini wangeielewa Venezuela vizuri.

Mwaka 1998, kabla Chávez hajaapishwa, nchi ile ilikuwa imeshaunda mfuko wa kuweka akiba bei inapopanda. Sheria ya mfuko ikabadilishwa mara kwa mara, akiba ikachotwa, na kufikia 2003 ulikuwa umebaki karibu mtupu. Mwaka 2005 ukaja mfuko mwingine, Fonden, uliolishwa na PDVSA na benki kuu na kutumiwa nje ya bajeti ya bunge, kwa amri ya rais. Kwa muda matokeo yalipendeza: zahanati mitaani zenye madaktari wa Cuba, maduka ya bei nafuu, umaskini ukapungua kweli. Nasisitiza kweli, kwa sababu aliyeponywa mtoto wake hatakubali kuambiwa ulikuwa uongo. Pipa lilifika dola 147 Julai 2008.

Lakini shirika la mafuta likawa linaajiri, linajenga nyumba, linaagiza chakula. Mwaka 2010 yaligunduliwa makontena ya chakula kilichooza katika bandari ya Puerto Cabello, maelfu na maelfu ya tani, kilichoagizwa na PDVAL, tanzu ya PDVSA. Wananchi wakaipachika jina Pudreval, kutokana na neno lao la kuoza. Akiba haikuwapo bei zilipoanguka 2014. Kilichofuata kinajulikana: mfumuko wa bei ambao benki kuu yao yenyewe iliukadiria kuwa zaidi ya asilimia 130,000 kwa mwaka 2018, na zaidi ya watu milioni 7 wakaihama nchi.

Urusi waliweka daftari, na mwenye daftari alikuwa waziri wa fedha Aleksei Kudrin. Mfuko wa akiba ulianzishwa 2004, ukalipa madeni ya nje kabla ya muda, ukaiokoa nchi katika msukosuko wa 2008. Kwa miaka kadhaa ningeweza kukwambia kwamba hapa Putin alimshinda Chávez kwa mbali. Tatizo ni kwamba daftari liliandikwa vizuri ila aliyeamua matumizi alikuwa mmoja. Februari 2022 aliamua vita, na nchi za Magharibi zikazuia karibu dola bilioni 300 za benki kuu. Sehemu ya mfuko inayoweza kutumika imeshuka zaidi ya nusu tangu wakati huo. Hakuna mbunge wa Moscow aliyepewa nafasi ya kusema hapana.

Norwei walitunga sheria ya mfuko 1990 na kuweka fedha za kwanza 1996. Haununui kitu ndani ya Norwei, maana fedha zote zikimwagwa nyumbani bei zingewaka. Tangu 2001 serikali ilijiwekea kikomo cha kutumia takriban asilimia 4 ya mfuko kwa mwaka, na 2017 wakakishusha hadi 3. Thamani yake imevuka dola trilioni 1.5 kwa watu milioni 5.5, na mtu yeyote anaweza kuitazama ikibadilika kwenye tovuti yao sekunde kwa sekunde. Kiswahili chetu kinatumia neno moja, dola, kwa utawala na kwa noti ya Marekani. Pale Oslo wameweka ukuta katikati ya hizo mbili.

Bei ya pampu

Hili ni fupi. Ukitaka petroli rahisi, usichague Norwei. Ni miongoni mwa ghali kabisa Ulaya. Hata umeme, wanaouzalisha kwa maji yao wenyewe, umewagombanisha: kusini mwa nchi bei zilipanda baada ya nyaya mpya za kwenda Ujerumani na Uingereza mwaka 2021, na Januari 2025 serikali ya mseto ilivunjika kwa ugomvi wa sheria za nishati za Ulaya.

Venezuela kujaza tanki kulikuwa rahisi kuliko chupa ya maji. Kivuli cha Caracazo kilimfanya kila rais aogope kugusa bei, na ilipoguswa 2016 ilikuwa karibu miaka 20 imepita. Petroli ikawa inavushwa kwa madumu kwenda Colombia. Mei 2020 ikawa haba kiasi kwamba Iran ilituma meli tano za petroli, kwenda kwenye nchi yenye mafuta mengi kuliko zote.

Na usidhani lazima uwe na mafuta ili ucheze mchezo huu. Hungaria haina akiba ya kujivunia, lakini mwaka 2013 Viktor Orbán, waziri mkuu wakati ule, alishusha kwa amri bei za gesi na umeme majumbani, na kila bili ikatakiwa kuonyesha mteja ameokoa kiasi gani, kwa rangi ya machungwa, rangi ya chama chake. Uchaguzi ulikuwa Aprili 2014. Alishinda.

Kuvunja mkataba

Kila mtetezi wa wanyonge hufika siku ya kuchana mkataba mbele ya kamera. Venezuela ilifanya hivyo 2007 kwenye ukanda wa Orinoco: serikali ichukue sehemu kubwa, wageni wabaki na ndogo. Chevron, Total, BP na Statoil walikubali. ExxonMobil na ConocoPhillips waligoma wakaenda kwenye mahakama za usuluhishi, na mwaka 2019 ConocoPhillips peke yake ilitunukiwa zaidi ya dola bilioni 8. Cha kusikitisha, mrabaha ulikuwa umeshapandishwa kabla ya hapo, kutoka ule wa asilimia 1 hadi zaidi ya 16 mwaka 2004 kwa amri tu, na hakuna kampuni iliyoondoka. Ushindi wa kimyakimya ulileta fedha, ule wa gwaride ukaleta deni.

Urusi walitumia mazingira. Shell na wenzake walikuwa na mradi wa Sakhalin-2. Mwaka 2006 wakaguzi wakagundua ghafla mito imechafuliwa, vibali vikatishiwa, na Desemba Gazprom ikauziwa zaidi ya nusu kwa dola bilioni 7.45. Baada ya hapo malalamiko ya samaki yakapoa.

Norwei wanatoza kodi ya asilimia 78 kwa faida ya mafuta. Sijui beberu gani amewahi kunyonywa kiasi hicho na bado akapanga foleni kuomba kitalu. Wanapanga kwa sababu ile 78 inajulikana kabla hujatoboa.

Kwetu tumeshaonja kidogo. Mwaka 2017 Tanzania ilizuia makinikia, ikaidai kampuni ya dhahabu ya Acacia dola bilioni 190, ikatunga sheria za mamlaka ya nchi juu ya rasilimali. Mwisho wake, Januari 2020, ulikuwa hisa asilimia 16 katika Twiga, kampuni ya ubia ya serikali na Barrick, na ahadi ya dola milioni 300. Kwa mtazamo wangu haikuwa hasara: sehemu ile ni bora kuliko tulichokuwa nacho. Lakini kati ya 190 bilioni na 300 milioni kuna pengo ambalo hakuna aliyewahi kulieleza kijiweni kwetu kwa ukamilifu. Na gharama ya kusubiri haionekani kwenye picha. Equinor, ambayo ndiyo Statoil ile ile iliyobadilishwa jina 2018 na ambayo ina kitalu namba 2 kwetu tangu 2007, Januari 2021 ilifuta kwenye vitabu vyake dola milioni 982 za mradi wa gesi wa Tanzania.

Kwa wanaotaka njia ya kati

Watu huniuliza kuhusu Bolivia. Tarehe 1 Mei 2006 Rais Evo Morales alipeleka wanajeshi kwenye visima vya gesi, kamera zikipiga picha. Nyuma ya gwaride, hata hivyo, hakumfukuza mtu; alijadili mikataba upya, kampuni zikabaki, mapato yakapanda sana, wazee wakalipwa pensheni na wanafunzi wakapewa posho ya shule. Kwa miaka minane hivi ulikuwa mfano mzuri kuliko wote wa mtetezi wa wanyonge anayejua hesabu. Kilichosahaulika ni kutafuta gesi mpya. Uzalishaji ulifika kilele karibu 2014, ukaanza kushuka, na miaka ya karibuni nchi imekuwa ikipanga foleni za dizeli na kutafuta dola kwa tochi. Morales mwenyewe alitaka muhula wa nne ingawa kura ya maoni ya 2016 ilimkatalia, akaondoka 2019 katikati ya vurugu.

Basi uchague

Kama nchi yako imedhulumiwa waziwazi na unachotaka ni kuona haki ikirudi ndani ya miaka mitano, Venezuela ya 2004 itakuvutia, na Bolivia zaidi. Chukua kipande hicho cha kupandisha mrabaha, acha filimbi. Ukiwa na jirani unayetaka akuogope, bomba la Kirusi lilifanya kazi Januari 2006 na Januari 2009 dhidi ya Ukraine. Lilipotumika dhidi ya Ulaya nzima mwaka 2022, mteja alitafuta duka jingine, na Gazprom ikatangaza hasara ya rubo bilioni 629 kwa mwaka 2023, ya kwanza ya namna hiyo tangu 1999. Koki ukiifunga sana, mwenye kiu anachimba kisima chake.

Norwei siwezi kukuuzia nzima, maana sehemu yake kubwa ni miaka 60 ya kubishana kabla ya mafuta, na hiyo hainunuliwi. Lakini kuna vipuri vinavyoweza kufungwa kwenye gari letu. Waziri asiwe mkuu wa shirika. Anayehesabu mapipa asiwe anayeyauza. Mkataba usomeke na asiyeusaini.

Hicho cha mwisho tuliwahi kukikaribia. Novemba 2014 kamati ya Bunge ya hesabu za serikali, PAC, iliamuru viongozi wa TPDC, shirika la taifa la mafuta na gesi, wakamatwe kwa kukataa kuwasilisha mikataba 26 ya mafuta na gesi. Wabunge wakiwatuma polisi kwa wakubwa wa shirika la taifa, kwa ajili ya karatasi! Mzee wa kambi ya kwanza siku ile alisema ni fujo. Mimi niliona ni mara ya kwanza mtu wetu kumwambia mwenye koki hapana. Miaka mitano baadaye, 2019, Bunge hilo hilo likaazimia kutofanya kazi na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kwa sababu alisema lina udhaifu, na Novemba mwaka huo akabadilishwa.

Kwa hiyo nikiulizwa kijiweni niko kambi gani, sitaji nchi tena. Naomba mikataba ile 26 ibandikwe ukutani tuisome, kisha ndiyo tubishane ya Chávez na ya Putin.